Tarehe Ina Mahali Pake

Mhadhara wa wazi kwa wanafunzi wa jiografia na mazingira, Dar es Salaam, Februari 2026



Niliombwa nizungumzie matukio yajayo ya mazingira na jiografia yanayowahusu wanafunzi wa vyuo vikuu. Najua mnachosubiri. Mnasubiri orodha: kongamano lipi, mji gani, mwisho wa kutuma maombi ni lini, na nauli analipa nani. Baadhi ya hayo nitayagusa. Lakini kabla hujajaza fomu yoyote, liangalie bango lililobandikwa ubaoni na ujiulize swali moja: tarehe hii imetoka wapi? Hapo sitafuti jina la shirika lililochapa bango. Nauliza ilichaguliwa kwa majira ya nchi gani, kwa mvua ya wapi, kwa ratiba ya nani.

Chukueni Aprili 22, Siku ya Dunia. Januari 1969 mafuta yalimwagika baharini karibu na Santa Barbara, California. Seneta Gaylord Nelson wa Wisconsin alipoona uharibifu ule, akataka vyuo vya Marekani vitenge siku ya mijadala, kwa mtindo uleule ambao wanafunzi walikuwa wakiutumia kupinga vita ya Vietnam. Uratibu alikabidhiwa kijana wa miaka 25, Denis Hayes. Jumatano ya Aprili 22, 1970 ikateuliwa kwa sababu ya kawaida kabisa: wanafunzi wengi wa huko walikuwa wamesharudi kutoka likizo ya majira ya kuchipua, na mitihani ya mwisho ilikuwa bado haijawabana. Watu wanaokadiriwa kuwa milioni 20 walijitokeza, na kabla mwaka haujaisha Marekani ikawa imeunda mamlaka yake ya ulinzi wa mazingira. Kwa hiyo siku tunayoipamba kwa mabango ya sayari nzima ilipangwa kufuata kalenda ya mitihani ya vyuo vya nchi moja. Siwalaumu waliopanga. Walijua wanamtafuta nani na atapatikana lini. Sisi ndio tuliochukua tarehe tukaiacha sababu.

Juni 5 nayo ina kwao. Siku hiyo mwaka 1972 ndipo mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira ya binadamu ulipofunguliwa Stockholm. Sweden wakati huo inaingia kiangazi chake chenye mwanga mrefu na kila kitu kinamea. Hapa kwetu, mapema Juni, masika yameaga, kusi imeshika, na Dar es Salaam inaingia katika miezi ambayo mvua yake ni manyunyu tu. Dodoma hali ni kavu zaidi, kwani mvua ya msimu huko kwa kawaida imekwisha Aprili. Na Juni 5 ndiyo siku ambayo kila taasisi yenye uzio hutoka na majembe kwenda kupanda miti.

Mmeziona hizo hafla. Mashimo yamechimbwa tangu jana. Mgeni rasmi anamwagia mche maji kwa kopo jipya, picha inapigwa, fulana zinagawiwa. Ukipita Septemba unakuta kijiti, na pembeni yake kibao chenye jina la mgeni rasmi, bado kiko imara. Aliyeua mche ule ni mpangaji wa tarehe, maana mche uliopandwa pwani mwanzoni mwa kiangazi unahitaji mtu wa kuumwagilia mpaka vuli ije, na huyo mtu hakuwemo kwenye bajeti ya hafla.

Tanzania tuna Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, Aprili 1. Kwa Tanga, Pwani na Dar es Salaam tarehe hiyo ni nzuri, masika yanakuwa yameshalowesha ardhi. Kwa Singida na Dodoma ni kupanda mvua ikiwa mlangoni inatoka. Mkulima wa huko hangesubiri Aprili. Angepanda Desemba au Januari, mizizi ipate miezi ya kushika. Nchi moja ina mikoa ya vuli na masika na mikoa ya msimu mmoja. Tarehe moja haiwezi kuitosha yote, na mtu wa kwanza kulisema hilo kwenye kikao cha maandalizi anapaswa kuwa mwanafunzi wa jiografia.

Sisemi hafla hazina maana. Juni 5, 1977 Wangari Maathai, wakati huo mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na wenzake waliandamana kutoka Jumba la Mikutano la Kenyatta hadi Kamukunji na kupanda miti saba. Si yote iliyoishi. Kilichoishi ni ile kazi iliyofuata: vitalu vya miche, vikundi vya wanawake vijijini, hesabu ya miche iliyoshika badala ya miche iliyopandwa tu. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani lilizaliwa kwenye hafla, halafu likaondoka likaenda vijijini.

Basi niwapeni matukio yangu ya mwaka huu. Vigezo vyangu ni viwili tu. Tukio liwe na sababu ya kutokea siku hiyo na mahali hapo, na ukitoka uwe na namba daftarini ambayo hukuwa nayo asubuhi.

La kwanza halihitaji mwaliko. Machi 3 Umoja wa Afrika huadhimisha Siku ya Mazingira ya Afrika, ambayo pia ni Siku ya Wangari Maathai. Kwa bahati njema, siku hiyohiyo jua linapita utosini kwa mtu aliyesimama hapa Mlimani. Latitudo yetu ni karibu digrii 6.8 kusini, na jua likielekea ikweta kabla ya ikwinoksi ya Machi linatupitia juu kabisa. Simika fimbo ya mita moja, uinyooshe kwa timazi, kisha subiri. Kivuli kitazidi kufupika mpaka kiishie chini ya fimbo yenyewe, na hapo saa yako itaonyesha kama saa 6 na dakika 35 mchana. Mbona si saa 6 kamili? Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba saa zetu zinafuata longitudo 45, nasi tuko karibu 39, kwa hiyo jua linatufikia dakika kama 23 baadaye. Zilizobaki zinatokana na njia ya dunia kuwa duaradufu na mhimili wake kuinama. Kama huniamini, rudi na fimbo yako Oktoba 10, jua litakaporejea kusini: kivuli kitapotea mapema zaidi, kwenye saa 6 na dakika 10. Mwenzako wa Mwanza afanye hivyohivyo katikati ya Machi, mkipigiana simu. Nimefundisha wanafunzi wanaoweza kuchora mzunguko wa dunia wakiwa wamefumba macho na hawajawahi kuangalia kivuli chao wenyewe.

La pili ni la bahari. Siku ya Maji Duniani, Machi 22, huwa tunaifanya ndani ya ukumbi wenye viyoyozi na chupa za maji za plastiki, jambo ambalo sitalichambua. Mwaka huu mwezi mwandamo unaangukia Machi 19 na ikwinoksi Machi 20. Jua na mwezi vitakuwa vinavuta upande mmoja, karibu na usawa wa ikweta, na bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, ya siku mbili tatu zitakazofuata itakuwa miongoni mwa zile kubwa za mwaka. Watu wa pwani hawahitaji jedwali kujua hili. Wanajua kwamba Idi ya Fitri inakuja na bamvua, kwa kuwa inakuja na mwezi mchanga. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, ambao kilimo chao kilianza upande wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, hupanga wiki zao kwa bamvua na maji mafu: maji yakipwa sana asubuhi wako kwenye kamba na vigingi vyao, maji mafu yakiingia wanashughulika na kuanika. Hao ndio wahudhuriaji wasiokosa tukio.

Kwa hiyo Machi 20 hadi 22 nendeni Salenda. Simameni pale Mto Msimbazi unapoingia baharini, penye mikoko, kati ya saa 10 na saa 12 jioni maji yakijaa. Mtaona mto ukisimama, halafu ukirudi nyuma. Mto huu unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti na Kigogo, unafika bonde la Jangwani ukiwa umebeba mchanga, taka na kila ulichokutana nacho. Mvua kubwa ikinyesha juu huku bahari imejaa chini, maji hayana pa kutokea, yanasambaa kwenye vitanda vya watu. Fundi wa mifereji anaweza kuwaeleza hayo kwa mchoro. Kuyaona maji yenyewe yakigeuka ni somo jingine.

Na hapo ndipo ninapoirudisha Aprili 22. Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Dar es Salaam. Kwa hiyo tarehe iliyochaguliwa kwa ajili ya mitihani ya Wamarekani imeangukia, bila mtu kukusudia, katikati ya masika yetu. Tuitumie. Badala ya maandamano ya fulana, nataka vikundi viende Jangwani, Kigogo na Tandale na vitu vitatu: futi, daftari na simu.

Kazi hii ina historia hapa. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi waliungana na wakazi wa kata zinazofurika kuchora mitaa, mifereji na majengo. Ndege zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu, lakini picha ya juu haikuambii mfereji una kina gani wala umezibwa na nini. Hilo lilihitaji miguu. Takwimu ziliwekwa wazi kwenye OpenStreetMap, mtu yeyote azitumie. Miaka minne kabla yake, Tandale ilikuwa imechorwa kwa njia kama hiyo. Wengi wenu mmezaliwa katika mji huu na hamjui kwamba baadhi ya vichochoro vyake viliingia kwenye ramani ya dunia kwa sababu ya wanafunzi waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo.

Sasa namna ya kufanya. Anzeni kwa mjumbe wa shina, msiruke. Mpe shikamoo, jieleze, mwombe akutembeze. Usimuulize mafuriko yalikuwa na kina cha sentimita ngapi. Muulize yalifika wapi. Ataweka mkono gotini, au kiunoni, au atakupeleka kwenye ukuta wenye mstari wa tope. Pima kutoka sakafuni hadi mstari, kisha uliza kama sakafu ni ileile au iliinuliwa baada ya gharika, kwa sababu nyingi huinuliwa, na usipouliza kipimo chako kitakosea kwa kimo cha kifusi. Halafu angalia mlangoni. Nyumba nyingi za mabondeni zina kiukuta cha saruji kwenye kizingiti, kiasi kwamba mgeni hujikwaa. Pima hicho pia. Kimo chake kinakuambia mwenye nyumba anatarajia maji ya kiasi gani, na amelipia saruji kwa utabiri wake. Kikiwa na matabaka mawili ya rangi tofauti, maana yake utabiri wa kwanza ulishindwa. Sijasoma ripoti ya mabadiliko ya tabianchi inayosema mengi kwa ufupi hivyo.

Mtakutana na jambo litakaloharibu hoja yangu ya majira, nami nalikaribisha. Waulizeni wazee mafuriko yapi yalikuwa mabaya zaidi; wengi watataja Desemba 2011, siku za kuelekea Krismasi, yaliyoua watu takriban 40 jijini na kusababisha familia nyingi kuhamishiwa Mabwepande. Hayo yalikuja wakati wa vuli. Hanang napo, tope lilishuka juu ya Katesh Desemba 3, 2023, mwaka wa El Niño. Na mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogea hadi pwani yetu, watu wakashangaa kana kwamba Zanzibar haikuwahi kupigwa na kimbunga cha Aprili 1872 kilichong'oa mikarafuu. Kalenda ya majira ni wastani tu. Anayeishi bondeni anauawa na kile kilichoachana na wastani, na ndiyo sababu nataka vipimo vya kila mwaka, si vya mwaka wa maafa peke yake.

Hapa niongeze tukio ambalo wanafunzi hawalifuatilii kabisa, nami naona ni kosa. Mara tatu kwa mwaka, kabla ya kila msimu, wataalamu wa hali ya hewa wa Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana chini ya kituo cha kanda cha ICPAC kukubaliana juu ya mwelekeo wa mvua. Baada yake Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake wa masika au vuli. Usiusome kama tangazo la redio. Uchape, andika asilimia walizotoa kwa kanda yako, kisha pima mvua mwenyewe kila siku saa 3 asubuhi, saa ileile vituo vyetu vinapopima. Chombo si lazima kinunuliwe. Milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya kila mita moja ya mraba; ukishalielewa hilo, ndoo yenye kuta zilizonyooka inatosha kuanzia. Mwisho wa Mei utakuwa na la kusema kuhusu utabiri, tofauti na wale wanaosema tu "hawa jamaa hukosea."

Mwaka huu wa 2026 Umoja wa Mataifa umeutangaza kuwa wa nyanda za malisho na wafugaji. Warsha zitakuwa nyingi na nyingine tayari zimetangazwa. Ushauri wangu ni mfupi: ukialikwa kwenye warsha ya wafugaji itakayofanyika hotelini mwezi Septemba au Oktoba, uliza ni mfugaji gani atakayeweza kuja. Huo ndio wakati mifugo iko mbali ikitafuta majani na maji, na mwenye mifugo yuko nayo. Ukitaka kujifunza jinsi Wamaasai wanavyotenga alalili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaje kuokoa ng'ombe kiangazi, nenda Mei, malisho hayo yakiwa bado yamefungwa na watu wakiwa bado nyumbani.

Julai kuna Makunduchi. Sherehe ya Mwaka Kogwa watalii wanaijua kwa vita vya mashina ya migomba na kibanda kinachochomwa. Ninyi nendeni siku moja kabla mkae na wazee. Nairuzi, mwaka unaofunguliwa na sherehe hiyo, ni mwaka wa jua wa siku 365, uliohesabiwa kwa miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi, na kwa miongo hiyo mabaharia na wakulima wa Uswahilini walijua kaskazi itakuja lini na mbegu zishuke lini. Kalenda ya Kiislamu ya mwezi isingewafaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa inazunguka majira yote. Waliweka kalenda mbili, moja ya ibada na moja ya shamba na chombo, na hawakuzichanganya. Wanaoweza kuhesabu miongo kutoka kichwani wanazidi kupungua. Rekodini, kwa ruhusa yao.

Mikutano mikubwa nitaipitia haraka. Mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa mwaka huu ni Novemba, Antalya, Uturuki. Nafasi za wanafunzi ni chache na gharama ni kubwa, na wengi watakaokwenda watakaa kwenye korido. Wa mwaka 2027 unakuja Addis Ababa. Huo ndio wa kujiandaa nao, na maandalizi yake ni vipimo vya Aprili hii na Aprili ijayo, siyo suti. Agosti 2 mwaka huohuo wa 2027 jua litapatwa kabisa kuanzia Afrika Kaskazini hadi Makka na ncha ya Somalia. Luxor giza litazidi dakika sita. Afrika Mashariki tutaliona limemegwa tu, zaidi kadiri unavyokwenda kaskazini. Waliokuwa Rujewa Septemba 1, 2016 waliona pete ya jua, na watawaambia kwa nini inafaa kusafiri. Vaeni miwani maalumu, msitumie filamu za eksirei.

Nimalizie na Novemba. Jumatano ya Novemba 18 vyuo vingi duniani vitafanya siku ya mifumo ya taarifa za kijiografia, ambayo ilianza mwaka 1999. Kwetu itakuwa siku ya kukaa kwenye kompyuta na kuzitoa namba zote za Aprili daftarini. Ramani itakayotoka ichapwe nakala mbili, kubwa, kwenye karatasi. Moja itabaki idarani. Ya pili ipelekwe ofisi ya serikali ya mtaa, ikiwa na tarehe za vipimo na majina ya vichochoro kama wakazi wanavyoyaita, hata yale ambayo manispaa ingeona aibu kuyaandika. Itundikwe juu ya mstari wa mafuriko. Nauli ya daladala kutoka hapa hadi Jangwani mnayo. Kwa hiyo swali la nani analipa nitalijibu la mwisho, kama bado kuna mtu atakayeliuliza.